Sukari Inayoshika Nafasi ya Maji

Hotuba ya mwanafunzi wetu wa zamani, mfamasia kwa kazi yake, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Musoma



 Waliosimama hapa kabla yangu wamezungumzia paa la bweni, madawati na timu ya mpira, na yote hayo ni mambo ya maana. Mimi nimeombwa nieleze jambo moja la kazi yangu, kwa namna ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Pili ataweza kulifuata na mzee aliyemaliza zamani hatasinzia. Nimechagua kuzungumzia sukari. Sikusudii ile ya chai. Nakusudia sukari inayotiwa ndani ya kichupa cha dawa ili dawa ikaushwe bila kufa.

Nitasema kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapa mkoani kwetu, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963. Ikiwa Kiswahili kiliweza kuwabeba Warumi, hakitashindwa kubeba kichupa cha dawa.

Dagaa, mtama na hamira

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ameona dagaa wakianikwa ufukweni hapa Musoma. Dagaa akikauka hukaa muda mrefu bila kuoza, kwa sababu pasipo maji vijidudu vya uozo havifanyi kazi. Lakini ukimloweka dagaa huyo usiku kucha, asubuhi huna samaki mbichi. Una dagaa aliyelowa. Seli zake zilikwisha kupasuka, na maji hayawezi kuziunga tena.

Sasa chukueni punje ya mtama kutoka ghala la mkulima wa Butiama. Nayo ni kavu. Imekaa miezi mingi bila kunywa hata tone. Mvua ikinyesha, inaota. Zote mbili zimekauka, lakini moja imekufa na nyingine imelala tu. Tofauti yake nini?

Siri za mbegu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo ni sukari. Mbegu inapokomaa hujilimbikizia sukari za aina maalumu kabla ya kukauka. Hamira ya dukani nayo ni hivyo hivyo. Chembe zile za hamira ni viumbe hai waliokaushwa, na ndani yao wana sukari iitwayo trehalosi. Kuna hata mbu mdogo asiyeuma wa huku Afrika, ambaye lava wake huishi kwenye vidimbwi vya juu ya miamba. Kidimbwi kikikauka, lava hukauka naye, na mvua ikirudi huamka. Naye amejaa trehalosi.

Kwa hiyo viumbe walikuwa na ujuzi huu kabla ya wataalamu. Kazi yetu sisi watu wa dawa imekuwa ni kujifunza kutoka kwao.

Liposomu ni kitu gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa Uingereza aliyeitwa Alec Bangham, akifanya kazi Babraham karibu na Cambridge, alikuwa akichunguza mafuta yanayojenga ngozi ya seli. Mafuta hayo huitwa fosfolipidi, na kwenye kiini cha yai yamo tele. Kila molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia nyingi ndani ya maji, hujipanga zenyewe katika safu mbili, mikia ikielekea ndani na vichwa vikielekea majini. Utando huo hujikunja na kufunga kama kiputo. Kiputo hicho ndicho liposomu. Ni seli tupu, ngozi bila nyama.

Ukubwa wake ni mdogo mno. Liposomu za dawa nitakayoitaja baadaye zina upana wa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mtu anaweza kuficha dawa ndani ya kiputo hicho, au ndani ya utando wake wenyewe, ili dawa kali isiwaguse wasiohusika njiani.

Shida ni kwamba liposomu zikiachwa majini hazidumu. Huungana, huvuja, na mafuta yake huharibika polepole. Dawa ya namna hiyo haiwezi kukaa miezi katika bohari, kupakiwa katika lori, na kufika hospitali ya mbali ikiwa nzima. Hapana budi ikaushwe. Na haiwezi kuanikwa juani kama dagaa.

Kukausha kwa kugandisha

Njia itumikayo ni hii. Dawa huwekwa katika vichupa na kugandishwa kwa baridi kali, mara nyingi nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi. Kisha hewa hunyonywa mpaka pawe na ombwe. Katika ombwe, barafu haigeuki maji kwanza, bali hugeuka mvuke moja kwa moja na kuondoka. Mwishoni joto huongezwa taratibu ili kufukuza maji machache yaliyong'ang'ania. Kinachobaki ni kitonge chepesi cheupe au cha manjano, kilichokauka kama chaki.

Njia hii ni ya upole, lakini liposomu tupu haiipiti salama. Hupatwa na madhara mawili.

La kwanza ni la barafu. Fuwele za barafu zikikua huzisukuma liposomu pamoja, kuzibana na kuzitoboa.

La pili ni la ukavu wenyewe, na hapa naomba tutulie kidogo. Mnajua samli. Asubuhi ya baridi imeganda, mchana ni mafuta. Fosfolipidi nazo zina joto lao la kuyeyuka. Zikiwa majini, maji hukaa katikati ya vichwa na kuvitenganisha, hivyo utando hubaki laini. Maji yakiondoka, vichwa husogeleana, mikia hubanana, na utando huwa mgumu. Fosfolipidi moja inayotumika sana katika maabara huyeyuka kwenye nyuzi 41 ikiwa majini. Ikikaushwa kabisa, haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 100. Sasa ukiurudishia maji utando uliokauka hivyo, hubadilika kutoka ugumu kwenda ulaini huku maji yakiingia, na katika mabadiliko hayo hufunguka nyufa. Yaliyomo huvuja.

Mpikaji wa maandazi anaijua habari hii kwa mikono yake. Hamira kavu huamshwa kwa maji vuguvugu, wala si kwa maji baridi. Katika maji vuguvugu utando umekwisha lainika kabla maji hayajaingia. Katika maji baridi utando hulainika huku maji yanaingia, na hamira huvuja uhai wake.

Kazi mbili za sukari

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Crowe na mkewe Lois Crowe wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, walikuwa wakichunguza wadudu wadogo wanaokauka na kufufuka. Walijiuliza: je, sukari ya wadudu hawa italinda utando usio na uhai? Wakakausha liposomu pamoja na trehalosi, kisha wakarudisha maji. Liposomu zilizokaushwa bila sukari zilivuja na kuungana. Zile zilizokuwa na sukari ya kutosha, ndani na nje ya utando, zilibaki na karibu vyote vilivyomo.

Sukari hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kushika nafasi ya maji. Molekuli ya sukari ina vikundi vingi vya oksijeni na hidrojeni vinavyofanana na maji, na kwa vikundi hivyo huvishika vichwa vya fosfolipidi kama maji yalivyovishika. Maji yakiondoka, vichwa havisogeleani, kwa kuwa pana mtu kwenye kiti. Utando hudhani bado uko majini.

Kazi ya pili ni kuganda kama kioo. Itazameni pipi ngumu. Ni sukari, lakini haina chembechembe, na mwanga hupita ndani yake. Hicho ni kioo cha sukari. Liposomu zikiwa ndani ya kioo namna hiyo haziwezi kusogea wala kuungana. Lakini mnajua pia pipi iliyoachwa wazi siku za mvua huwaje. Hunata. Unyevu kidogo tu hukilainisha kioo, na joto nalo hukilainisha.

Kazi zote mbili lazima zitimie pamoja. Deksitrani, ambayo ni mnyororo mrefu wa sukari, hutoa kioo kigumu sana, lakini ni kubwa mno kuingia kati ya vichwa, na peke yake huacha liposomu laini zivuje. Glukosi ni ndogo na huingia vizuri, lakini kioo chake hulainika kwenye nyuzi thelathini na kitu, joto ambalo stoo yenye paa la bati hapa Musoma hulifikia bila taabu. Sukrosi, yaani sukari yetu ya miwa, hustahimili zaidi ya nyuzi 60 ikiwa kavu kabisa, na trehalosi hupita nyuzi 100.

Wadogo zangu wa Kidato cha Pili mtanikumbusha kipimo cha Benedict. Glukosi hubadilika kuwa rangi ya matofali. Sukrosi haibadiliki mpaka kwanza ichemshwe na asidi. Nanyi mkajiuliza, hayo yana faida gani zaidi ya mtihani? Faida yake ni hii. Glukosi, kwa tabia ile ile inayoonyeshwa na Benedict, hushikana na protini na kuigeuza rangi ikikaa nayo muda mrefu. Sukrosi na trehalosi hazina tabia hiyo. Mtengenezaji wa chanjo anapochagua sukari, kipimo chenu cha darasani kinamwamulia.

Ng'ombe wa baba zetu

Wazee wa mkoa huu walisimuliwa na wazazi wao juu ya sotoka. Ugonjwa huo ulipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 uliteketeza ng'ombe, na njaa ikafuata. Nyati na nyumbu nao waliangamia.

Kirusi cha sotoka kilikuwa na utando wa mafuta, uliotwaliwa kwenye seli ya mnyama. Kwa maneno mengine, kilivaa ngozi ya jamii moja na liposomu, na hofu ya ukavu ilikuwa ile ile. Chanjo bora iliundwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikaushwa kwa kugandishwa, lakini bado ilihitaji baridi njia nzima. Kufikia mwaka 1990, Jeffrey Mariner na wenzake waliboresha ukaushaji wake na vitu vya kuilinda, sukrosi ikiwa miongoni mwake, hata ikaweza kukaa kama mwezi mmoja bila barafu. Mchanjaji akaweza kuibeba kwa miguu mpaka kwa wafugaji wasiofikiwa na gari. Sotoka ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001 katika mbuga ya Meru, Kenya, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani.

Ndugu zetu wa Bunda wanaishi mlangoni mwa Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Nyumbu hao hawakuchanjwa hata mmoja. Walichanjwa ng'ombe waliowazunguka, na ugonjwa ukakosa pa kujificha. Lakini tusilale. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na vita yake bado inaendelea kwa chanjo iliyokaushwa vivyo hivyo.

Kichupa kando ya kitanda

Sasa nije kwenye dawa yenyewe. Kuna homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Huwapata zaidi watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Asipotibiwa, mgonjwa hufa. Dawa ya kumuua kuvu huyo ni amfoterisini B, iliyojulikana tangu miaka ya 1950. Inaua kuvu, lakini katika umbo lake la zamani huumiza figo na kupunguza damu.

Wataalamu wakaiweka amfoterisini ndani ya utando wa liposomu, wakaikausha pamoja na sukrosi. Dawa hiyo inajulikana kwa jina la AmBisome. Kichupa kimoja kina miligramu 50 za dawa, kama miligramu 350 za mafuta, na miligramu 900 hivi za sukrosi. Tazameni hesabu hiyo: sukari ni mara 18 ya dawa! Mtu asiyejua angesema ni ujazo wa bure. Kumbe ndiyo mlinzi.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Kundi moja lilipewa tiba ya siku 7 mfululizo ya amfoterisini ya zamani. Kundi la pili lilipewa dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na vidonge vya majuma mawili. Katika majuma 10 walifariki asilimia 24.8 wa kundi la dozi moja, na asilimia 28.7 wa kundi la siku 7. Dozi moja haikuwa dhaifu kuliko tiba ya siku 7, na waliopata madhara makali walikuwa wachache zaidi, asilimia 50 dhidi ya 62. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba hiyo.

Mgonjwa wa kilo 50 huhitaji vichupa 10. Nawaomba waliomo katika kazi ya uuguzi, na wadogo zetu watakaoingia humo, washike mambo matatu. Kwanza, vichupa visikae mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 25. Kioo cha sukari kikilainika ndani ya kichupa, hakuna atakayekusikia ukilalamika. Pili, dawa huamshwa kwa mililita 12 za maji safi ya sindano, na kutikiswa kwa nguvu nusu dakika nzima. Tatu, isiguswe na maji ya chumvi hata kidogo, kwa kuwa chumvi huifanya igande vipande. Inapozimuliwa kwa ajili ya dripu, hutumika maji ya glukosi ya asilimia 5.

Dawa iliyoharibika haipigi kelele. Inaweza kuonekana kama nzima, ikaingia mshipani, na mgonjwa akafa huku cheti kikionyesha kwamba alitibiwa.

Kazi iliyobaki

Msidhani kila kitu kimekwisha. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyojaribiwa pia kwa watoto wetu wa Bagamoyo na Korogwe na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021, huja kwa vichupa viwili. Kimoja kina protini iliyokaushwa pamoja na sukrosi. Cha pili kina liposomu za kuamsha kinga, nazo bado ziko majini. Vyote viwili hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda hutupwa. Atakayeweza kuikausha nusu ile ya pili, ikavumilia joto la kijiji cha kando ya ziwa, atakuwa amewaondolea wauguzi mzigo mkubwa. Kwa nini mtu huyo asitoke katika darasa hili?

Mwanzo wake si mashine ya mamilioni. Chukueni glasi mbili na hamira ya kipimo kimoja. Moja iloweke kwa maji baridi ya mtungi, nyingine kwa maji ya nyuzi 40, dakika 10. Kisha zitieni zote katika maji vuguvugu yenye sukari, na pimeni kwa rula urefu wa povu kila baada ya dakika 5. Andikeni mnachokiona, si mnachokitarajia. Hapo mtakuwa mmechungulia mlango ule ule walioupita kina Crowe.

Nasi wanafunzi wa zamani, tunapochangia bati na saruji, tuikumbuke na maabara. Kipimajoto, mizani na chupa ya Benedict si vitu vya anasa. Bweni humlaza mwanafunzi mpaka amalize shule. Maabara humfuata mpaka kando ya kitanda cha mgonjwa asiyemjua.